Kuichambua namba 8,549,541 kuwa vigawo tasa kwa kalamu na karatasi

Namba hii inawafaa sana wanaofundisha tuisheni hapa Dar, maana inatisha kwa macho lakini ina mlango mmoja, na ukishaupata yote yanafunguka.

Inaishia na 1, kwa hiyo ni witiri. 2 na 5 ziache. Jumlisha tarakimu: 8+5+4+9+5+4+1 = 36. Kwa kuwa 36 inagawanyika kwa 9, namba nzima nayo inagawanyika. Usigawanye bado.

Kata mafungu ya tarakimu tatu kuanzia kulia: 541, 549, 8. Sasa toa na ujumlishe kwa kupokezana: 541 − 549 + 8 = 0. Ukipata sifuri, namba inagawanyika kwa 1,001, ambayo ni 7 × 11 × 13. Sababu yake ni kwamba 1,000 imepungukiwa moja tu kufika 1,001, hivyo kila unapovuka mkato alama inageuka. Kipimo kimoja, vigawo vitatu! Gawanya: 8,549,541 ÷ 1,001 = 8,541. Tarakimu zake zinajumlika 18, kwa hiyo toa ile 9: 8,541 ÷ 9 = 949.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokwama. Wanaona 949 haigawanyiki kwa 3, 7 wala 11, na 13 wanairuka kwa kuwa imeshatumika, kisha wanaandika kuwa 949 ni namba tasa. Kigawo kilichotoka mara moja kinaweza kutoka tena. Kipeuo cha pili cha 949 ni kama 30.8, kwa hiyo jaribu namba tasa zote hadi 29, bila kuruka hata moja. Utakuta 949 = 13 × 73. Hiyo 73 ni tasa: 2, 3, 5 na 7 zote zinaacha baki, na 11 × 11 imeshaipita.

Jibu: 3² × 7 × 11 × 13² × 73.

Kupata idadi ya vigawo, ongeza 1 kwenye kila kipeo kisha zidisha: 3 × 2 × 2 × 3 × 2 = 72.

Jumla ya vigawo vyote inataka uangalifu zaidi:
(1+3+9)(1+7)(1+11)(1+13+169)(1+73) = 13 × 8 × 12 × 183 × 74 = 16,900,416.
Kosa la kawaida ni kuweka 14 × 14 = 196 mahali pa 183. Kalkuleta ndogo ya Kariakoo yenye nafasi nane inatosha kuhakiki, kwa sababu jibu lina tarakimu nane kamili. Ukitoa namba yenyewe inabaki 8,350,875, ndogo kuliko 8,549,541 kwa 198,666. Hivyo namba hii ni pungufu, yaani jumla ya vigawo vyake vingine haiifikii.

Je, uizidishe kwa ngapi iwe mraba kamili? Chukua vigawo tasa vyenye kipeo witiri: 7 × 11 × 73 = 5,621. Zao la 8,549,541 × 5,621 usilitafute kwa kalkuleta hiyo, halitaingia. Gawa vipeo vya zao hilo kwa 2: 3 × 7 × 11 × 13 × 73 = 219,219, na hicho ndicho kipeuo cha pili cha mraba huo.