Kumtambua na Kumfuga Semutundu katika Tangi la Kioo Nyumbani

Semutundu, ambaye wataalamu humwita Bagrus docmak, ni samaki mwindaji wa jamii ya kambare, na zamani alikuwa miongoni mwa wawindaji wakubwa wa Ziwa Viktoria, kabla sangara hajaletwa katika miaka ya 1950 na kumpunguza yeye pamoja na furu, samaki wadogo aliokuwa akiwala. Bado anavuliwa humo, na pia katika maziwa ya Edward, George na Albert, lakini mtoto wake aliye hai na asiye na jeraha hapatikani kwa urahisi, ndiyo maana anayemtafuta huuziwa samaki mwingine kwa jina hilohilo. Naanza na kumtambua, kwa sababu mahitaji ya tangi hutegemea ni samaki gani hasa uliyemleta nyumbani.

Hatua ya kwanza: hesabu mapezi kabla ya kulipa

Wachuuzi hupenda kukuonyesha sharubu, nazo hazikusaidii kitu: semutundu ana jozi nne, na male, yaani kambare wa kawaida wa mabwawani, ana jozi nne vilevile. Mtie samaki katika beseni jeupe, subiri atulie, kisha ufuate mgongo wake kwa macho kuanzia kisogoni hadi mkiani. Semutundu ana pezi fupi la mgongoni lenye mwiba mbele. Nyuma yake kuna pezi la mafuta, ambalo ni refu, laini na halina miiba ndani. Na mkia wake umegawanyika panda. Male hana pezi la mafuta. Ana pezi moja refu lisilo na mwiba, linalotoka karibu na kisogo hadi karibu na mkia, na mkia wenyewe ni wa mviringo.

Anayeleta utata ni Heterobranchus longifilis, kambare wa Ziwa Albert na mto Nile, ambaye naye ana pezi kubwa la mafuta. Huyo ndiye aliyenipata. Mchuuzi alimgeuza samaki mkononi, akaniambia, "Mzee, pezi la mafuta si hili hapa unaliona?" Nililiona, nikalipa, nikapanda boda na dumu langu kurudi nyumbani Jinja, Uganda. Kama ningetazama mkia ningeuona wa mviringo, na kama ningetazama pezi la mbele ningeliona refu, lisilo na mwiba. Hivyo basi usiridhike na alama moja. Taka zote tatu kwa pamoja, yaani pezi fupi lenye mwiba, pezi refu la mafuta na mkia wa panda.

Kambare wengine ni rahisi kuwatofautisha. Nzere ana mwili uliobanwa ubavuni na pezi refu sana chini ya tumbo kuelekea mkiani. Nkolongo ana sharubu za kidevuni zenye matawi na kichwa kigumu kama ngao, wala hawindi samaki wenzake. Kambare wa umeme wa mto Nile hana kabisa pezi la miiba mgongoni, na huyo usimguse kwa mkono, kwa kuwa aliyekomaa anaweza kutoa umeme wa volti zaidi ya 300.

Kabla hujaondoka mwaloni, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, na samaki mchanga, pita kwa ofisa wa uvuvi ueleze unampeleka wapi na upate ruhusa kwa maandishi.

Hatua ya pili: tangi na kichujio

Kwa kinda wa sentimita 10 hadi 15, tangi la urefu wa sentimita 150, upana 60 na kimo 50 linatosha kwa kuanzia. Hilo linabeba lita 450, maana yake kilo 450 za maji kabla hujahesabu kioo na mchanga, kwa hiyo meza ya mbao ya sebuleni haifai. Jenga tofali au chomelea stendi ya chuma. Tandaza mchanga laini, kwa kuwa samaki huyu hana magamba na mawe yenye ncha humchuna tumbo. Weka bomba la plastiki pana la kujifichia mchana, na mfuniko mzito, maana akishtuka usiku huruka.

Kichujio kinahitaji wiki nne hadi sita kupata bakteria wa kubadilisha amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, isipokuwa umepata sponji iliyokwisha kutumika kutoka kwa mfugaji ambaye samaki wake hawaumwi. Maji ya bomba yawekwe kwenye pipa lililo wazi kwa siku moja au mbili, pampu ya hewa ikifanya kazi, ili klorini itoke. Kipasha joto si lazima Jinja wala Kampala, ambako maji ya ndani ya nyumba hukaa karibu na nyuzi 24. Kabale, kwenye baridi ya milimani, ni habari nyingine.

Hapa ndipo utambuzi wa hatua ya kwanza unapolipa. Umeme ukikatika, male huja juu akavuta hewa, kwa sababu ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya matamvua. Semutundu hana kiungo hicho. Anategemea oksijeni ya majini tu. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri iwepo kabla samaki hajafika.

Hatua ya tatu: kumhamisha na kumlisha

Usimvue kwa wavu. Miiba yake hunasa kwenye nyuzi, na kadiri anavyojipinda ndivyo inavyozidi kusokoteka. Ikitokea, kata wavu kwa mkasi, usimvute samaki. Mimi hutumia ndoo ya plastiki, ninamsukuma aingie taratibu pamoja na maji.

Mlishe jioni, taa ikiwa imezimwa: nyungunyungu, uduvi, vipande vya ngege visivyo na miiba. Kinda hula kidogo kila siku. Akipita sentimita 25, mara tatu kwa wiki zinatosha. Nyama ya ng'ombe yenye mafuta haimfai, na samaki hai kutoka ziwani huja na vimelea vyao. Mwenzake wa tangini awe mkubwa kuliko upana wa mdomo wake, na mdomo huo ni mpana kuliko unavyoonekana ukiwa umefungwa: furu wangu wawili wa sentimita nane waliondoka usiku mmoja, na asubuhi nilimkuta semutundu amelala bombani, tumbo limemvimba.

Ziwani anaweza kupita mita moja, kwa hiyo tangi ni makao ya muda, na kumtupa katika ziwa au mto wowote si njia ya kulimaliza tatizo hilo. Wangu amefika sentimita 34. Bomba limeanza kumbana, na fundi amekwisha kupima uwanja kwa ajili ya bwawa la simiti.