Ukinunua mti wa Wollemi, angalia mizizi kwanza
Jamani kama unautaka ule mti wa kale wa Wollemi, ule ambao jamii yake ilijulikana kwa visukuku tu mpaka 1994 ulipokutwa hai kwenye korongo huko Australia, usidanganyike na majani mazuri, mwombe muuzaji autoe kidogo kwenye chungu uone mizizi, ikiwa myeusi na inateleza achana nao, huo ni ugonjwa wa kuoza mizizi na umeshafika mpaka kule porini. Nyumbani maji yasituame kabisa!! changanya udongo na mchanga mwingi, mche mdogo uwekee kivuli kiasi, hata kwenye chungu unakaa miaka tu. Na nunua kwenye kitalu kinachokueleza mche ulikotoka, maana porini imebaki miti chini ya 100 iliyokomaa.