SOMO: Kupanga njia ya baiskeli ya changarawe milimani, kuanzia ramani hadi mteremko wa mwisho

Salaam wakuu.

Swali ni lilelile kila mara: "Nina njia ya kilomita 60 milimani, nitaiweza?" Nimechoka kulijibu kipande kipande, kwa hiyo leo naweka jibu lote hapa. Kilomita peke yake hazisemi kitu milimani. Kinachoamua siku yako ni mita za kupanda, hali ya barabara, na namna utakavyoshuka. Wengi hujiandaa kwa kupanda tu, kisha wanaumia wakati wa kushuka.

Hatua ya 1. Chora njia kwenye programu ya ramani na uipakue kwenye simu, maana mabondeni mtandao hukatika.

Hatua ya 2. Gawanya mita za kupanda kwa kilomita. Ukipata 10 kwa kilomita, ni siku ya kawaida. Ukipata 20, ni siku ngumu. Ikifika 30, punguza urefu wa safari.

Hatua ya 3. Usimeze tarakimu za mwinuko bila kuzichunguza. Programu nyingi zinategemea vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, ambapo kila nukta inabeba eneo la mita 30 hivi. Barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima inaweza kuwa tambarare kabisa, lakini mstari wako ukisogea mita chache pembeni, programu inasoma genge la juu au korongo la chini. Matokeo yake ni milima ambayo haipo. Ndiyo maana programu mbili zinakupa jumla tofauti kwa njia ileile. Fungua ramani yenye mistari ya kontua (inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) na uhesabu mwenyewe mistari ambayo barabara inaikata. Ikifuatana sambamba na mstari mmoja, hakuna kupanda hapo, hata programu iseme nini.

Wastani wa ukali wa mlima nao unadanganya. Colle delle Finestre kule Italia ina kilomita 18 na ushee, wastani wa asilimia 9 hivi (yaani mita 9 juu kwa kila mita 100 za njia), na kilomita 8 hivi za mwisho ni changarawe hadi juu, karibu mita 2,178. Ni mlima mkali, lakini unapanda kwa utulivu, na ukishapata mdundo wako unaufuata. Njia nyingine ina wastani wa asilimia 5, kumbe ndani yake imeficha mita 400 za asilimia 18. Hapo ndipo gurudumu la nyuma linazunguka bure na unashuka kusukuma. Tafuta kipande kikali kuliko vyote, ndicho kipimo chako.

Hatua ya 4. Uso wa barabara. OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, inazipanga njia za vumbi kwa madaraja, la 1 likiwa gumu na lililoshindiliwa, la 5 likiwa udongo laini au majani. Daraja la 1 hadi la 3 baiskeli ya changarawe inapita vizuri. La 4 linategemea mvua. La 5 chukua baiskeli ya milimani. Madaraja haya yamewekwa na watu wa kujitolea, kwa hiyo linganisha na picha za setilaiti, na utazame hasa pale barabara inapokutana na mto. Kama huoni kivuli cha daraja la kuvukia, chukulia kwamba halipo.

Hatua ya 5. Kwa mzigo mwepesi mimi nahesabu kilomita 15 kwa saa, kisha naongeza saa 1 kwa kila mita 500 za kupanda. Kilomita 60 zenye mita 1,500 ni saa 7. Ondoka alfajiri: milima mingi hupata ngurumo na mvua mchana. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6.5 hivi, kwa hiyo koti la upepo linabebwa hata kama chini kuna jua kali.

Hatua ya 6. Tairi za milimita 40 hadi 50, gia nyepesi kuliko unavyodhani unahitaji, tyubu ya akiba hata kama tairi zako hazitumii tyubu.

Hatua ya 7. Mteremko. Hapa soma taratibu.

Mpanda, baiskeli na mizigo wakifika kilo 90, kushuka mita 1,000 kunaachia nishati ya kilojuli 880 hivi. Hilo ni joto la kuchemsha zaidi ya lita 2 za maji. Kwenye lami, ukiachia mwendo, upepo unakula sehemu kubwa ya nishati hiyo. Kwenye changarawe huwezi kuachia hivyo. Unashuka polepole, upepo hauchukui cha maana, changarawe inachukua kiasi, na kinachobaki kinaishia kwenye diski zako mbili nyembamba.

Ukizishikilia breki kidogokidogo bila kuachia, hazipati nafasi ya kupoa. Breki kwa nguvu kabla ya kona, achia, pita kona, acha baiskeli ichukue mwendo kidogo, breki tena. Mkono wa breki ukianza kuingia ndani zaidi ya kawaida, au ukisikia harufu ya kuungua, simama palepale. Mafuta ya breki yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hubanwa tu: unavuta mkono wote hadi kwenye usukani na baiskeli haisimami.

Tahadhari:
- Usimwagie maji diski yenye moto, inaweza kupinda. Na usiiguse.
- Wenye breki za rimu, joto linaingia kwenye rimu yenyewe. Kiraka kinaweza kuachia, tyubu inaweza kupasuka. Simama mara nyingi zaidi.
- Kagua pedi za breki kabla ya safari. Shimano, watengenezaji wa breki, wanaelekeza zibadilishwe zikibaki milimita 0.5. Pedi za resini kwenye tope lenye mchanga huisha haraka mno, beba jozi ya akiba.
- Kwenye kona, magari husukuma kokoto hadi pembeni na katikati. Baki kwenye mkondo wa magurudumu, hata kama una vijituta. Ukitoka kwenye mkondo huku umebana breki ya mbele, gurudumu linateleza na unalala chini.

Maswali karibuni.

---

Mpitanjia: Mkuu uzi mrefu. Kwa kifupi, baiskeli yangu itapita au haipiti?

Mwandishi: Hujataja upana wa tairi, gia, wala njia yenyewe. Soma hatua ya 4 na ya 6, kisha rudi na hayo matatu.

BintiMlima: Asante sana kwa somo. Gia yangu ya mbele ina meno 40, na gia kubwa ya nyuma ina 42. Ukisema gia nyepesi, hii inatosha? Najuaje kabla ya kufika mlimani?

Mwandishi: Swali zuri dada, na linapigika hesabu. 40 gawanya kwa 42 ni 0.95. Gurudumu likizunguka mara moja unasogea mita 2.2 hivi. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, unakwenda karibu kilomita 7.5 kwa saa. Kwa kilo 90 kwenye mlima wa asilimia 10 wenye changarawe, hiyo inadai wati 210 hivi. Jiulize kama unaweza kutoa nguvu hiyo kwa saa nzima. Ukiweka meno 30 mbele, mwendo unashuka hadi kilomita 5.7 na wati zinakuwa 160 hivi, kwa mizunguko ileile. Mimi ningebadilisha la mbele, ni nafuu kuliko kubadilisha nyuma yote. Hakikisha tu fremu yako inalikubali na urefu wa cheni unafaa.

Mzee wa Kona: Hii ya breki umetia chumvi. Nashuka nimeshikilia mwanzo mwisho miaka yote na sijapata shida.

Mwandishi: Umeshuka mita ngapi mfululizo, ukiwa na mzigo kiasi gani? Mteremko wa mita 200 hauchemshi kitu. Nimezungumzia mita 1,000, na hesabu nimeiweka wazi. Kama kuna tarakimu yenye kosa, ionyeshe.

Mzee wa Kona: Haifiki 200, nakubali.

Mwandishi: Basi kabla ya kwenda kwenye mrefu, jizoeze kubana na kuachia kwenye huo mfupi. Mikono itazoea.

Spoku36: Nina udadisi. Juu hewa ni nyepesi. Je, upepo wa tairi niliojaza bondeni unaongezeka nikifika kileleni?

Mwandishi: Unaongezeka kwenye kipimo, ndiyo. Ukipanda mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ya nje inapungua kiasi kwamba kipimo kinasoma PSI 3 zaidi (PSI ni kizio cha mgandamizo wa upepo kwenye tairi). Lakini huko juu kuna baridi, nayo inarudisha kama PSI 2 kwa tairi ya PSI 30. Inabaki kama 1, usihangaike nayo. Tairi ya milimita 45 na mtu wa kilo 75, anzia PSI 30 nyuma na 27 mbele, kisha sikiliza: rimu ikigonga jiwe ongeza, ukirukaruka kwenye vijituta punguza.

BintiMlima: Na mwili je, kwenye huo mwinuko?

Mwandishi: Kuanzia mita 2,500 watu wengine huanza kuumwa kichwa na kichefuchefu. Kwenye mita 3,000 kanieneo (mgandamizo) ya hewa ni karibu asilimia 70 ya ile ya pwani, kwa hiyo tegemea kwenda polepole. Kwa safari za kulala, ukishavuka 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku. Kichwa kikizidi kuuma, shuka. Usisubiri asubuhi.

Spoku36: Niongeze moja kwa wenzangu. Bebeni kipande cha tairi kuukuu, urefu wa kidole. Jiwe likichana ubavu wa tairi, kiraka cha tyubu hakisaidii, tyubu inachungulia nje na kupasuka. Weka kipande hicho kwa ndani kati ya tairi na tyubu, jaza upepo kiasi.

Mwandishi: Hii ni ya dhahabu, naiongeza kwenye hatua ya 6. Umekata kutoka tairi ya aina gani? Yangu ya milimani ilikuwa nene mno, ikaacha uvimbe.

Spoku36: Ya lami, ile nyembamba. Kata waya za pembeni zote utupe, na punguza kingo kwa wembe.