Kupandisha gari-nyumba kuukuu Kitonga bila kuitesa injini

Kitonga ni mlima mrefu wenye kona kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Iringa. Gari langu ni Benzi 608D, lile la pua fupi ambalo Wajerumani walilitumia kubebea mikate na barua kabla watu hawajaanza kuligeuza nyumba. Injini yake ina silinda nne, lita 3.8, haina turbo, na ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 85. Likishabeba kitanda, makabati ya mbao, jiko, mitungi ya gesi, tangi la maji na mama watoto na vyombo vyake, linakaribia tani 6. Farasi 85 kwa tani 6. Ukizielewa namba hizo mbili, mengine yote nitakayosema utayapokea bila ubishi.

Mpwa wangu Athumani anasoma ufundi wa magari, na ndiye aliyenipigia hesabu hii siku aliponiuliza, "Mjomba, kwa nini unapanda na gia namba mbili wakati namba tatu inavuta?" Nikamwambia achukue karatasi. Mlima wa asilimia 8, yaani unainuka mita 8 kwa kila mita 100 za barabara, unadai karibu farasi 42 kuisukuma tani 6 kwa kilomita 20 kwa saa. Kwa kilomita 28 unadai farasi 59. Kwa kilomita 40 unadai 84 na ushee, na hizo injini hii haikuwa nazo mlimani hata ilipokuwa mpya.

Sasa ongeza urefu kutoka usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Iringa mjini uko zaidi ya mita 1,500. Njombe unakaribia 2,000. Kwa hiyo farasi wako 85 wa Dar es Salaam, ukifika nyanda za juu, kama kumi na tano hivi wamebaki njiani.

Kwenye gari langu gia namba tatu huishia kwenye kilomita 40 hivi, na namba mbili kwenye 23. Nikipanda na namba tatu kwa kilomita 28, injini inazunguka mara 2,000 kwa dakika, mguu umefika sakafuni, na hakuna akiba iliyobaki. Nikipanda na namba mbili kwa kilomita 20, injini inazunguka kama mara 2,400, inapiga kelele zaidi, lakini natumia theluthi mbili tu ya nguvu iliyopo. Kwa kilomita 8 za mlima, wa namba tatu anatumia dakika 17 na mimi natumia 24. Dakika saba. Hedi, yaani kichwa cha injini, ikipasuka itakukalisha Ilula, mji ulio juu baada ya mlima, wiki nzima ukisubiri gasketi kutoka Dar.

Watu wengi hudhani injini ikipiga kelele ndiyo inaumia. Kelele za mizunguko iliyo ndani ya kiwango hazina neno. Kinachoumiza ni mlio mzito, wa chini, gari linatetemeka hadi vikombe kabatini vinagongana, umekanyaga mafuta yote na mwendo hauongezeki. Hapo pampu inamwaga dizeli kuliko hewa inayoingia, dizeli isiyoungua yote inatoka moshi mweusi, joto la eksozi linapanda, pistoni inapigwa kwa nguvu huku beringi zinazunguka polepole na utando wa oili ni mwembamba. Tena feni na pampu ya maji zinazungushwa na injini hiyo hiyo kwa mkanda, kwa hiyo mizunguko ikishuka, upepo na maji ya kupoza navyo vinapungua, wakati joto ndilo linazidi. Kupangua gia mapema, yaani kurudi gia ya chini, kunaongeza nguvu kwenye magurudumu na kunaongeza upepo kwenye rejeta kwa pamoja.

Magari haya mengi hayana saa ya mizunguko. Chukua rangi nyeupe ya kucha, uweke nukta kwenye kioo cha spidomita pale kila gia inapoishia, na nukta nyingine pale unapotakiwa kupangua. Yangu ya namba tatu iko kwenye 28: sindano ikishuka hapo na mlima bado, narudi namba mbili bila kujadiliana na mtu.

Kazi ya mlima huanza jioni ya kuamkia safari. Mimi hulala Mikumi, nikiisha kuvuka hifadhi kwa mwendo ulioandikwa kwenye vibao. Hapo nakagua maji injini ikiwa baridi. Usiweke maji ya kisima matupu kwenye rejeta. Chumvi yake inaganda ndani ya vijia na baada ya muda rejeta inaonekana nzima kwa nje lakini inapoza nusu. Tumia maji safi yaliyochanganywa na kulanti, ambayo pia inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Hilo la kuchemka lina uzito kuliko watu wanavyofikiri, maana kwenye mita 2,000 maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya gari lako ni presha inayoshikwa na mfuniko wa rejeta. Mpira wa mfuniko ukiwa umekauka, badilisha. Ni kitu cha bei ndogo.

Kisha mulika tochi kwenye mapezi ya rejeta. Utakuta panzi, mbegu za nyasi, na tope la oili na vumbi. Safisha kwa maji ya mkondo wa kawaida, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu utoke ulikoingilia. Mashine ya kuoshea yenye presha kubwa inalaza mapezi, usiwaruhusu vijana wa kuosha magari waikaribie. Bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba katikati: ukizama zaidi ya sentimita moja na nusu, kaza. Fungua filta ya hewa. Kama ulipita barabara ya vumbi hivi karibuni, hiyo filta ndiyo inayokuletea moshi mweusi, siyo nozeli kama fundi wa kwanza atakavyokuambia.

Halafu uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi langu la nyuma linachukua lita 150; napanda Kitonga likiwa na lita 20 za kunawa na kupikia chai, najaza tena juu. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni ni vizuri na bei inakushawishi, lakini gunia moja lina uzito wa mtu mzima mnene. Nunua ukirudi. Mke wangu, Mama Rehema, hakubaliani nami kwenye hili na tumeshakubaliana kutokukubaliana.

Ondoka alfajiri. Bonde la Ruaha lina joto kali, mibuyu yenyewe inakuambia, na ukifika chini ya mlima saa saba mchana unaanza kupanda na hewa ya moto. Saa moja au mbili asubuhi hewa bado ni ya baridi, na baridi maana yake hewa nzito, nguvu zaidi. Baada ya kilomita ishirini za mwanzo simama mahali salama, pitisha kiganja karibu na rimu za magurudumu yote bila kugusa. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki inashika, na utakuwa unapanda mlima umefunga breki.

Wapo wanaoamini kuchukua mbio bondeni. Kwa kilima cha mita mia tatu, sawa, mbio zinakufikisha. Kitonga siyo kilima. Ukiuingia kwa mbio, unafika kwenye kona za mwanzo injini imeshapata moto, kisha unapangua gia mbili kwa haraka huku umekaba usukani. Mimi hupunguza mwendo kwenye tambarare ya mwisho, nauacha mshale wa joto utulie kwenye 80, naingia na namba tatu, na kona ya kwanza inayokaza naifuata tayari nikiwa namba mbili. Gia kuukuu inahitaji klachi mara mbili: kanyaga, toa kwenye gia, achia, gusa mafuta kidogo mizunguko ipande, kanyaga tena, ingiza. Ikikwaruza, hukugusa mafuta ya kutosha.

Mguu wa kulia usifike sakafuni. Kanyaga mpaka mwendo ushike, kisha rudisha mguu taratibu mpaka uone mwendo unaanza kushuka, halafu ongeza kidogo tu. Hapo ndipo pa kukaa. Tazama kioo cha pembeni: moshi wa kijivu hafifu unakubalika kwa injini ya umri huu. Ukiwa mweusi mfululizo, umekanyaga kupita hewa iliyopo. Ukiwa mweupe wenye harufu tamu, maji yanaingia kwenye silinda. Tafuta pa kusimama.

Mshale wangu ukifika 90 sishtuki. Kwenye 95 napunguza mguu na kufungua hita ya ndani mpaka mwisho, madirisha wazi. Inachosha abiria, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Kwenye 100 nasimama. Usizime injini papo hapo, maana maji yakisimama, joto lililo kwenye hedi halina pa kwenda. Acha izunguke bila mzigo, juu kidogo ya sailensa, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, mpaka mshale urudi. Ila kama hozi imepasuka na maji yamemwagika, zima mara moja. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka uweze kushika hozi ya juu kwa mkono mtupu. Wakati huo utingo, au yeyote aliyekaa kiti cha pembeni, anakuwa ameshaweka kigogo nyuma ya tairi. Ukiondoka, chukua kigogo chako. Mawe yanayoachwa katikati ya Kitonga yamepasua tairi za watu wasio na hatia.

Utakuwa na wenzako. Barabara hii ndiyo njia ya mizigo ya Zambia na Kongo, na mbele yako kutakuwa na semi inayotambaa kwa kilomita 10. Usimgande. Acha nafasi ya malori mawili, rudi namba moja mapema kabla gari halijasimama kabisa, na vumilia. Namba moja kwenye magari mengi ya umri huu haiingii vizuri ukiwa unatembea, kwa hiyo ukichelewa utajikuta umesimama katikati ya mlima ukiunguza klachi kuondoka. Ukiona matawi ya miti yamelazwa barabarani, kuna lori limekufa baada ya kona. Washa taa za tahadhari, na usitoke kwenye upande wako mpaka umeona yote yaliyo mbele. Mabasi yatakupigia honi. Panapopanuka, wapishe. Gari-nyumba halina ratiba.

Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ni habari nyingine. Kutoka Mombo kupitia Soni ni kilomita 33 hivi, na shida yake ni kona kuliko mwinuko: barabara nyembamba, mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili. Pangua kabla ya kona, siyo ndani yake, maana katikati ya kona gari linapoteza mwendo wote na mikono yako ina kazi. Piga honi. Kumbuka mkia wa gari-nyumba unaning'inia nyuma ya ekseli na unapiga upinde nje ya kona. Ngazi yangu ya nyuma ina alama ya jabali la Soni iliyokuja na mwenye gari wa kwanza. Kwa kuwa mwendo ni mdogo na upepo wa mbele haupo, feni ndiyo inafanya kazi yote, kwa hiyo mkanda uliokaza una thamani zaidi hapa kuliko Kitonga.

Kwa wenye injini za petroli, Kombi na wenzake, sheria ya gia ni ile ile, ila ongeza jambo moja: kabureta iliyopangwa pwani inakula mafuta mengi mno ukifika juu, na gari linakohoa. Fundi wa Iringa au Mbeya atakupangia kwa muda mfupi. Ukirudi pwani, irudishwe.

Ukifika Ilula, usizime gari mlangoni mwa muuza nyanya wa kwanza. Iache izunguke bila mzigo dakika tatu nne, uzunguke gari ukitazama chini kama kuna tone la maji au oili, ndipo uzime. Jaza tangi la nyuma. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua rejeta: ikiwa imepungua nusu glasi, ongeza na uendelee. Ikiwa imepungua lita nzima na hukuona tone lolote chini, vuta kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, usiiwashe tena. Mwite fundi hapo hapo gari lilipo.