Vishikio vya kanga kuukuu na mkate wa kumimina wa moto juu na chini

Ukiupika mkate wa kumimina kwa makaa, kusaga mchele ndiyo kazi rahisi. Kazi ni kuinua kifuniko kilichojaa makaa, kuchungulia, na kukirudisha bila majivu kumwagikia ndani. Kanga iliyokunjwa mkononi haifai hapo: inateleza, na ncha inayoning'inia hushika moto. Basi shona vishikio kwanza. Mkate una saa nyingi za kungoja, na kazi zote mbili zinaingia katika jioni moja na asubuhi yake.

Jioni

Osha vikombe 2 vya mchele mweupe wa kawaida (kama gramu 400) na uroweke usiku kucha. Usichukue ule uliochemshwa kabla ya kukobolewa, hausagiki ukawa laini.

Wakati huohuo chagua kanga. Iliyochakaa kwa kufuliwa ni bora kuliko mpya, kwa sababu imeshapunguka kadiri ya kupunguka na rangi iliyokuwa ya kutoka imeshatoka. Kama ni mpya, ifue peke yake hadi maji yatoke meupe. Wengine hutia chumvi kuzuia rangi. Haidhuru, lakini kusuuza mara nyingi ndiko kunakosaidia.

Kabla ya kukata, chomoa nyuzi mbili tatu pembeni uziwashe kwa kibiriti. Pamba hunuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Uzi ukiyeyuka ukawa kishanga kigumu cheusi, kitambaa kina plastiki ndani yake, na kikigusa kaa kitakuyeyukia kidoleni. Siku hizi kanga nyingi za bei nafuu ziko hivyo, hata zikiwa na maua mazuri. Huna kanga kuukuu ya pamba? Mafundi cherehani wa Darajani kule Unguja, au wa Chake Chake na Wete kule Pemba, huwa na vipande vinavyobaki wakikata magauni.

Kwa kila kishikio utahitaji:
- miraba 2 ya pindo (ukingo wa kanga) na miraba 2 ya mji (sehemu yake ya katikati), kila mmoja sentimita 14 kwa 14
- kipande kimoja cha nyuma, 22 kwa 22
- vipande 2 vya taulo kuukuu la pamba, 22 kwa 22
- utepe wa kutundikia, 12 kwa 4

Weka mraba wa pindo juu ya mraba wa mji, uso kwa uso. Piga mstari wa penseli kutoka kona hadi kona, kisha shona pande zote mbili za mstari, sentimita 1 kila upande. Kata juu ya mstari na ufungue: umepata miraba miwili, kila mmoja nusu pindo nusu mji. Fanya hivyo na jozi ya pili, kisha ipunguze yote minne iwe 12 kwa 12. Kitambaa kilichokatwa mshazari hunyooka ovyo, kwa hiyo kigandamize kwa pasi, usikiburure.

Sasa ipange. Pindo zote nne zikielekea katikati unapata umbo la almasi, zikifuatana kama mapanga ya feni unapata kizunguzungu. Kanga nyeusi na nyekundu hupendeza sana hivi. Jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, usilitupe, likate liwe katikati ya kipande cha nyuma. Ila kama kishikio ni zawadi ya wifi au mama mkwe, lisome vizuri kwanza.

Unganisha miraba minne kwa mshono wa sentimita 1. Utakuwa na uso wa 22 kwa 22.

Asubuhi

Ikune nazi 1 kubwa na uikamue kwa maji kidogo upate kikombe 1 na robo cha tui zito. Kama umetumia maji ya moto, liache lipoe hadi liwe vuguvugu, maana tui la moto huua hamira na mkate haufufuki tena. Chuja mchele maji yote yatoke. Saga pamoja na tui, kijiko 1 cha chai cha hamira na punje 8 za iliki iliyotwangwa. Saga hadi ukiusugua uji kati ya vidole usisikie chenga. Chenga huzama chini, na ndiyo sababu ya mkate kuwa na tabaka gumu kama ugali chini na povu juu.

Uzito unaotakiwa ni wa uji unaoganda kwenye mgongo wa upawa na kudondoka polepole. Ukiwa mwepesi, ongeza kijiko cha mchele usage tena. Usitie unga wa ngano, utabadilisha ladha yote. Sukari bado. Funika, uweke mahali pa joto. Joto letu la kaskazi huuinua kwa dakika 45 hivi, wakati wa kipupwe hufika saa moja na nusu.

Muda huo ni wa sindano. Kunja utepe uwe na upana wa sentimita 1, ushone, kisha ushikize konani, kitanzi kikielekea ndani. Panga taulo mbili chini, juu yake kipande cha nyuma kikitazama juu, kisha uso wa miraba ukitazama chini. Piga bandi (mishono mirefu ya kushikiza kwa muda), shona kuzunguka kwa sentimita 1, ukiacha mwanya wa sentimita 8. Punguza kona, geuza, ziba mwanya kwa mkono. Mwisho pitisha mistari ya mshono kwa uzi wa pamba katika tabaka zote, umbali wa sentimita 3 baina yake. Ukiisogeza karibu zaidi, taulo linabanwa, hewa inatoka, na moto unapita hadi kiganjani. Shona viwili.

Uji ukiwa umeumuka na kujaa vitundu, tia robo tatu ya kikombe cha sukari na ute wa yai 1 uliopigwa kidogo, ukoroge taratibu. Usiuache ukaumuka hadi ushuke wenyewe, utakuwa mchachu na mkate utabonyea katikati.

Chukua sufuria nene ya upana wa sentimita 20. Ipashe moto kwa kijiko cha samli, uizungushe ipake pande zote, kisha mimina uji usizidi theluthi mbili. Chini acha makaa machache. Baada ya dakika 7 hivi kingo zitaanza kutoboka vitundu, na hapo ndipo unapofunika na kupanga makaa juu, mengi kuliko ya chini. Makumbi ya nazi ni ya kuwashia tu, moshi wake huingia kwenye mkate. Mwenye gesi aanzie juu ya jiko, kisha auingize kwenye oveni ya digrii 180.

Chungulia baada ya dakika 15. Hapa ndipo vishikio vinapofanya kazi: kimoja kila upande wa kifuniko, inua wima na ukisogeze pembeni kabla ya kutazama. Vishikio viwe vikavu kabisa, kwani unyevu wa kitambaa hugeuka mvuke na kukuunguza ndani ya sekunde chache. Chomeka njukuti (kijiti cha ukuti wa mnazi) katikati ya mkate. Ikitoka kavu na juu pamekuwa rangi ya dhahabu, epua. Juu kukiwa kweupe ilhali chini kunanukia kuungua, ondoa makaa yote ya chini na uache ya juu peke yake.

Uache upoe ndipo uukate, wa moto hushikana na kisu. Uji ukibaki, chota upawa mmoja mmoja kwenye kikaango kidogo chenye tone la samli, funika dakika 3: hivyo ni vibibi, na vinaliwa na tui zito lililochemshwa na sukari na iliki.