Kutumia Zana za Umeme kwa Usalama: Maandalizi Kabla ya Kuwasha Swichi

Anayeshika zana ya umeme hudhani kuwa hatari iko pale diski inapokutana na chuma, lakini sehemu kubwa ya usalama wake huwa imekwisha kuamuliwa dakika chache kabla, zana ikiwa bado imelala mezani na plagi haijachomekwa. Waya uliochubuka, diski isiyofaa au ubao usiobanwa ni makosa ambayo hayarekebishiki zana ikishaanza kuzunguka. Kwa hiyo maelezo yafuatayo yanajikita katika maandalizi, na yanakaa zaidi kwenye grainda, yaani mashine ya kukata na kusaga chuma kwa diski inayozunguka, kwa kuwa ndiyo zana ya mkononi ambayo watu huidharau kuliko inavyostahili.

Anza na umeme wenyewe. Plagi ikiwa imechomolewa, pitisha waya wote mkononi mwako na uutazame kwa makini kwenye ncha zake mbili, yaani unapotoka kwenye plagi na unapoingia kwenye zana, maana hapo ndipo unapokunjwa mara kwa mara na kupasuka. Waya ambao nyuzi zake za ndani zimeonekana hauzungushiwi utepe; hubadilishwa. Kisha soma kibandiko cha zana. Ukiona alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, zana hiyo imekingwa mara mbili ndani yake na haihitaji waya wa ardhi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Alama hiyo isipokuwepo na zana ina waya wa nyuzi tatu, waya wa ardhi ni wa lazima, na kuufungia plagi ya pini mbili ni kuiondolea zana kinga iliyotengenezwa nayo.

Wengi huitegemea fyuzi au saketi breka iwaokoe, ilhali kazi ya vifaa hivyo ni kuzuia nyaya zisiungue. Fyuzi ya ampia 13 haiwezi kukatika kwa mkondo wa miliampia 50, lakini mkondo huo ukipita kifuani unaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi kuua. Kinachomlinda mtu ni kikata umeme kinachohisi mkondo unaovuja, ambacho kwa kazi ya namna hii huwa ni cha miliampia 30, na ambacho hukata umeme ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kama jengo halina kifaa hicho, kipo kile cha kuchomekwa kwenye soketi, na kabla ya kazi kijaribiwe kwa kubonyeza kitufe chake cha majaribio. Kuhusu waya wa kuongezea urefu, kumbuka kwamba zana ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampia 9. Waya mwembamba hautoshi, na hata ulio mnene sharti ukunjuliwe wote, kwa sababu ukibaki umezungushwa kwenye gurudumu lake joto hukosa pa kutokea na plastiki yake huyeyuka.

Sasa grainda. Diski ya kukatia ya milimita 115 kwa kawaida huandikwa kikomo cha mizunguko 13,300 kwa dakika, na ile ya milimita 230 huandikwa karibu 6,650. Namba hizo mbili zinasema jambo moja: ukingo wa diski usipite kasi ya mita 80 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 288 kwa saa. Grainda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Mtu akiivua kava na kuifunga diski kubwa ili akate kina kirefu, ukingo wa diski hiyo hukimbia zaidi ya mita 130 kwa sekunde, na ikipasuka, kava ambayo ingezuia vipande iko sakafuni. Tundu la katikati la diski zote mbili kwa kawaida ni lile lile la milimita 22.23, ndiyo maana diski huingia bila ubishi na mtu akaamini kuwa imekubali. Sijaona hila ya karakana iliyo mbaya kuliko hii.

Soma pia tarehe iliyopigwa kwenye pete ya chuma ya katikati, kwa kuwa gundi inayoshika chembe za diski huzeeka, hasa ikilowa maji. Diski iliyoanguka itupwe hata kama ufa hauonekani. Diski nyembamba ya kukatia isitumiwe kusagia kwa ubavu, kwani haikutengenezwa kubeba shinikizo la pembeni. Ukishaifunga mpya, iache izunguke bure kwa dakika moja huku ukiwa umesimama nje ya mstari wake.

Wakati wa kukata, shika kwa mikono miwili, mpini wa pembeni ukiwa umefungwa, na ukibane chuma kwenye jiliwa kwa namna ambayo mkato utafunguka kadiri unavyoendelea, badala ya kujifunga na kuibana diski. Diski ikibanwa, grainda hurushwa kwa ghafla kuelekea kwa mshikaji, na hapo swichi iliyofungwa isirudi yenyewe huwa ni balaa. Usiiweke chini kabla haijasimama kabisa.

Drili haina vitisho vingi, ila keekee, yaani ncha yake ya kutobolea, inapokwama kwenye chuma au zege, zana yenyewe ndiyo hugeuka na kuupinda mkono. Kibane imara kitu unachokitoboa, toa ufunguo wa chaki (kibanio kinachoshika keekee) kabla ya kuwasha, na usivae glavu zilizolegea wala mikono mirefu ya shati karibu na kitu kinachozunguka. Kwa msumeno wa diski, rekebisha kina ili meno yatokeze kidogo tu chini ya ubao, na usiifunge kwa waya ile kava ya chini inayojirudisha yenyewe.

Miwani ya kinga iliyozibwa pembeni ni ya lazima kwa zana zote hizi. Kwenye grainda ongeza ngao ya uso, bila kuivua miwani. Ziba masikio pia, maana kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 tayari inahesabiwa kuwa hatari, na grainda huipita. Ukikata zege au vigae, vumbi lake laini lina silika, yaani madini yaliyomo kwenye mchanga, inayoharibu mapafu pasipo tiba ya kuyarudisha, na kitambaa kilichofungwa puani hakilizuii. Tumia barakoa yenye kichujio, au lowesha kwa zana iliyotengenezwa kufanya kazi na maji.

Kila unapobadilisha diski, keekee au meno, chomoa plagi kwanza. Kwa zana ya betri, toa betri. Kabla ya kuichomeka tena, hakikisha swichi imezimwa. Na kama umekata chuma, usifunge mlango na kuondoka mara moja: cheche huruka mita kadhaa na huweza kujificha ndani ya maranda au matambara, kwa hiyo baki ukikagua kwa nusu saa angalau, ukianzia kwenye pembe ambazo ulikuwa umezipa mgongo.