Jinsi ya kumfundisha mtoto safari za wanyama, anza na neno "kurudi"

Ukimwambia mtoto "nyumbu wanahama" kuna uwezekano mkubwa akaelewa kitu kingine kabisa. Kwa mtoto kuhama ni vitu vinapakiwa kwenye gari, godoro linafungwa juu, mlango unafungwa na pale hamrudi tena. Mi niligundua hili kwa mwanangu akiwa na miaka sita, nimemweleza vizuri tu habari za nyumbu, pundamilia, mto Mara, ametulia anasikiliza, mwisho akaniuliza "sasa kule walikotoka anakaa nani?" Hapo ndo nikajua muda wote nilikuwa naongelea duara na yeye anaona mstari ulionyooka. Na ukitumia neno uhamiaji ndo unaharibu zaidi, hilo ni la pasipoti na mipaka.

Kwa hiyo kabla ya ramani, kabla ya video, kaa na neno lenyewe. Mwambie ni safari ya kwenda na kurudi, kila mwaka, kwa sababu chakula hakikai sehemu moja mwaka mzima na sehemu nzuri ya kulelea watoto siyo lazima iwe ndo sehemu nzuri ya kula. Basi, hayo mengine yote ni mifano ya hiyo sentensi moja.

Halafu tafadhali usianze na rekodi. Najua zinavutia, nani anaruka mbali zaidi, nani anapanda juu zaidi, ila mtoto akishapewa rekodi kumi anabaki na namba kumi kichwani na hajui hata mmoja wao anaondoka kwa nini. Chagua mnyama mmoja, mfuate mwaka mzima.

Mimi nampenda nyumbu kwa kuanzia kwa sababu safari yake ni mduara kweli. Chora duara kubwa kwenye karatasi, weka miezi 12 kuzunguka kama saa ya ukutani. Kuanzia Januari mpaka Machi hivi wako kusini mwa Serengeti kwenye nyanda za majani mafupi, na hapo ndo wanazaa, ndama wengi wanazaliwa ndani ya wiki chache tu na ndama anasimama dakika chache baada ya kutoka tumboni. Mvua zikiisha na majani yakikauka wanasogea magharibi na kaskazini, kuanzia Julai mpaka Oktoba hivi wengi wako kaskazini wanavuka mto Mara kwenda na kurudi kati ya Tanzania na Kenya, halafu mvua za mwisho wa mwaka zikianza kusini nao wanageuza. Ni zaidi ya nyumbu milioni moja, wakiwa na pundamilia laki kadhaa. Mwambie mtoto aweke kidole kwenye mwezi wowote anaotaka na azungushe, halafu muulize safari inaanzia wapi. Atahangaika kidogo, atazungusha tena, mwache ahangaike, akisema "haianzi popote" umeshafundisha nusu ya somo bila kuhubiri.

Kitu kingine kizuri cha kumwonyesha hapo ni kwamba pundamilia na nyumbu hawagombanii sahani moja. Pundamilia anakula majani marefu magumu ya juu, nyumbu anakuja kwenye yale mafupi yaliyobaki, swala tomi anafuata kuchukua machipukizi ya chini. Watoto wanapenda sana hii, hasa wale wenye ndugu wengi.

Sasa mchezo. Huu ndo wenyewe, kama huna muda wa kufanya mengine fanya huu tu. Unahitaji watoto wanne, vifuniko vya chupa kama 40 (kokoto pia sawa) na kona mbili za chumba, moja iite Kaskazini nyingine Kusini. Watoto wote wanaanzia Kaskazini. Kila raundi ni mwezi. Sheria ziko tatu: kila mwezi lazima ule vifuniko viwili, yaani unanirudishia mimi. Huruhusiwi kuokota zaidi ya vitatu kwa mwezi, na ukiokota cha ziada unakiweka mfukoni, hayo ni mafuta ya mwilini. Kutoka kona moja kwenda nyingine kunakula vifuniko vitatu vya mfukoni, huna hivyo huendi.

Raundi tatu za kwanza mwaga vifuniko 12 Kaskazini. Kila mtoto anaokota vitatu, anakula viwili, anaweka kimoja, mwisho wa mwezi wa tatu kila mmoja ana vitatu mfukoni. Mwezi wa nne, bila kusema chochote, weka vinne tu Kaskazini na 12 Kusini. Nyamaza. Angalia nyuso zao. Wakibaki wote wanne kila mmoja anapata kifuniko kimoja, anachukua kimoja mfukoni kufidia, anabaki na viwili, na mwezi wa tano unapoacha kuweka kitu kabisa Kaskazini ndo wanataka kuondoka na hawawezi tena, nauli imeliwa. Hakuna maelezo yatakayomwingiza mtoto hilo jambo kama yeye mwenyewe akisimama pale na vifuniko viwili mkononi anatazama ile kona nyingine imejaa. Wanaelewa palepale kwamba mnyama anaondoka akiwa bado ameshiba, hangojei njaa.

Waliowahi wanalipa vitatu, wanafika Kusini mfuko mtupu, wanaanza kula na kuweka tena mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Mwezi wa saba geuza, Kusini vinne, Kaskazini 12, na wao wana vitatu mfukoni tayari. Hapo usiseme neno kurudi, wataondoka wenyewe.

Kuna siku mmoja wa watoto alikataa kuondoka, wenzake wote watatu wakaenda, akabaki peke yake na vile vinne. Na alifika mwezi wa saba! Wenzake walilalamika kwamba amevunja mchezo lakini hajavunja kitu, hivyo ndivyo inavyotokea, kuna aina za ndege ambapo wengine wanasafiri na wengine wa aina hiyohiyo wanabaki, kwa sababu chakula kidogo kinaweza kumtosha anayebaki kama wengi wameondoka. Yule robin wa Ulaya mwenye kifua chekundu ni mfano mzuri. Kwa hiyo ikitokea kwenu usiirekebishe, ishangilie.

Baada ya mchezo ndo namba zinaanza kuwa na maana, lakini namba nazo zipe uzito wa mkononi. Karatasi moja ya A4 ya kawaida ina gramu tano. Kata karatasi hiyo vipande kumi vilivyo sawa, mpe mtoto kipande kimoja kwenye kiganja, afumbe macho. Hiyo ni nusu gramu, na ni kama uzito wa kipepeo anayeitwa monaki ambaye anatoka Kanada na Marekani mpaka kwenye milima ya katikati ya Mexico, wengine wanasafiri zaidi ya kilomita 4,000. Karatasi nne nzima ni mbayuwayu, anayetoka Ulaya mpaka kusini mwa Afrika na kurudi. Karatasi ishirini ni buabua wa Aktiki, ndege wa baharini ambaye anakwenda kutoka kaskazini kabisa mwa dunia mpaka Antaktika na kurudi kila mwaka, na waliofungiwa vifaa vya kufuatilia walionekana kusafiri kilomita 70,000 hivi kwa mwaka. Mzunguko wa dunia ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo zungusha kidole kwenye mpira karibu mara mbili huku mkono mwingine umeshika zile karatasi. Kwa nini ahangaike hivyo? Kwa sababu anapata majira mawili ya jua refu, la kaskazini na la kusini, na kwenye jua refu bahari inakuwa na chakula kingi. Tumerudi palepale kwenye chakula.

Hapa niseme kitu ambacho wakubwa wengi tunakosea, tunasema ndege wanakimbia baridi. Si kweli sana. Manyoya yanaweza kuvumilia baridi kali, shida ni kwamba baridi ikija wadudu wanapotea na maji yanaganda. Ukimwambia mtoto "wanakimbia baridi" atakuuliza kwa nini wasibaki kule kwenye joto moja kwa moja, na utakosa jibu. Ukimwambia chakula, na siku ndefu za kulishia makinda kule kaskazini, anaweza kujijibu mwenyewe.

Swali litakalofuata ni wanajuaje njia. Usimpe jibu moja maana halipo moja. Kasa wa baharini wanahisi usumaku wa dunia na majike wanarudi kutaga maeneo ya pwani walikozaliwa. Samoni wanarudi mtoni kwao kwa kufuata harufu ya maji. Ndege wanatumia jua, usumaku na nyota, na miaka ya 1960 mwanasayansi Stephen Emlen aliwaweka ndege wadogo ndani ya jumba lenye dari inayoonyesha nyota za bandia, akakuta wanaelekea upande kulingana na anga aliyowaonyesha. Kwa mtoto mdogo mfunge kitambaa machoni umwache afuate harufu ya chungwa lililokatwa mpaka alifikie, inatosha. Kwa mkubwa mpe dira na mtoke nje usiku kuangalia nyota ambazo zinazunguka na zile ambazo zinakaa karibu palepale.

Na nani aliwafundisha? Hapa kuna tofauti tamu sana. Korongo wachanga wanajifunza mengi kwa kuruka pamoja na wakubwa. Lakini kekeo wa Ulaya analelewa na ndege wa aina nyingine, wazazi wake wameshaondoka zamani, na bado anafunga safari peke yake mpaka Afrika. Monaki ndo kabisa, wale waliotoka Mexico hawarudi wao, wanataga njiani na kufa, watoto wanaendelea, wanataga, wanakufa, na kizazi kinachorudi Mexico ni vitukuu ambao hawajawahi kupaona. Hii wape watoto kuanzia miaka tisa hivi, iache bila kuimaliza, waulize "sasa aliyerudi ni nani?"

Kwa wanaopenda hadithi kuna ile ya korongo wa mwaka 1822. Zamani watu wa Ulaya walikuwa wanaona ndege wanapotea msimu mmoja na kutokea mwingine, wengine wakaamini mbayuwayu wanalala ndani ya matope chini ya ziwa, mwingine akaandika kwamba ndege wanakwenda mwezini. Kisha huko Ujerumani, karibu na Klütz, akapatikana korongo ana mshale umepita shingoni, mshale wa urefu wa kama sentimita 80, na ulikuwa umetengenezwa Afrika. Alichomwa huku akaruka nao mpaka kule. Yule korongo amehifadhiwa mpaka leo kwenye chuo kikuu cha Rostock. Watoto watauliza kama aliumia na kwa nini yuko chuoni, na ukweli ni kwamba aliumia na huko Ujerumani walimpiga risasi, sema tu. Baadaye, mwaka 1899, Hans Christian Mortensen wa Denmark akaanza kuwavisha ndege pete ndogo za alumini zenye namba miguuni, na siku hizi kuna vifaa vidogo vya kutuma mahali walipo kupitia satelaiti.

Kuhusu ukweli pia, usifiche mamba. Mtoto akiona video ya mto Mara ataona wanaozama, na kila mwaka ni maelfu wanaozama. Mweleze kwamba miili ile inalisha samaki, ndege na mto wenyewe, halafu kaa naye kama amehuzunika, usimharakishe.

Na kama anataka kusaidia, kuna kitu anakiweza leo. Ndege wengi wadogo wanasafiri usiku na taa zinawapoteza, kwa hiyo kuzima taa za nje wakati wa msimu ni kazi anayoweza kupewa mtoto wa miaka mitano na akaifanya kwa bidii kuliko wewe. Siku ya Ndege Wahamao Duniani huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba, ni tarehe nzuri za kuanzia.

Mwisho mpe daftari. Siyo la kunakili niliyosema hapa, ni la tarehe. Mnyama yeyote anayeonekana kwa msimu pale mlipo, ndege, kipepeo, kerengende, aandike siku aliyomwona mara ya kwanza na siku aliyomwona mara ya mwisho, na siku ambazo ametazama asione kitu aandike pia, hizo ndo zinaonyesha walipoondoka. Kila ukurasa chini aache mstari mmoja mtupu ulioandikwa "Wamerudi tarehe" na nukta mbili, na daftari mliweke sehemu ambayo mtalikuta mwakani.